Mahindi ya Ismani na Madaktari wa Uchumi

Siku ya Krismasi mwaka 1971, mkuu wa mkoa wa Iringa aliuawa kwa risasi huko Mkungugu, tarafa ya Ismani, shambani kwa mkulima wa mahindi aliyeitwa Saidi Mwamwindi. Mkulima mwenyewe aliupakia mwili kwenye gari la marehemu, akaliendesha hadi kituo cha polisi mjini Iringa, akajisalimisha. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifo. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na kila msimulizi ana upande wake. Mimi nakirejea kwa jambo moja ambalo wengi hulipita haraka. Marehemu, Wilbert Klerruu, alikuwa daktari wa falsafa. Alisomea sayansi ya siasa Marekani, enzi ambayo Watanganyika wenye shahada ya uzamivu ungeweza kuwahesabu kwa vidole. Aliletwa Iringa kutoka Mtwara, alikosimamia uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa, na alitarajiwa kufanya vivyo hivyo kwa Wahehe wa Ismani.

Ila Ismani ilikuwa nchi ya namna yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, watu walikuja kutoka pande zote za Iringa wakafyeka pori lile la kaskazini ya mji, wakapanda mahindi, na mahindi yakawalipa. Palikuwa na matrekta, palikuwa na waliokodi ekari mamia, palikuwa na vibarua waliokuja kulima kwa msimu na kuondoka na posho. Palikuwa pia na udongo uliokwisha kuchoka kwa kulimwa zao lilelile mwaka baada ya mwaka. Kumwambia mwenye trekta aunganishe shamba lake na la kibarua wake kulihitaji zaidi ya amri ya serikali, na zaidi ya shahada.

Miaka ileile walifika Ismani wasomi wa aina nyingine, wenye madaftari. Rayah Feldman alichunguza jinsi ardhi iliyogawiwa kwa mila ilivyogeuka kuwa mali ya kukodishwa na kuuzwa. Adhu Awiti, Mkenya aliyekuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwapanga wakulima kwa matabaka: nani ana trekta, nani anaajiri, nani anaajiriwa. Makala yake juu ya Ismani na kuibuka kwa ubepari ilichapishwa mwaka 1975, katika kitabu kilichokusanya tafiti za ushirika vijijini Tanzania. Awiti baadaye alikuwa mbunge wa Karachuonyo na waziri wa mipango wa Kenya.

Mkulima akabaki na shamba, swali likaondoka na msomi. Kwa miaka zaidi ya 50 sasa Nyanda za Juu Kusini zimewapa wachumi maswali mazito kuliko pengine sehemu nyingine yoyote ya Tanzania, na zimewapa pia watoto wake. Waliokwenda kuyajibu walipita njia ndefu: Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha Nairobi, Ulaya, Marekani. Wengi waliishia mbali na udongo uliowapa swali. Nataka kuisimulia njia hiyo, na jinsi ilivyoanza kurudi nyumbani.

Neno lenyewe, uzamivu, limetokana na kuzama. Ni neno la watu wa bahari, la mzamiaji anayevuta pumzi, anatoweka chini ya maji na kuibuka na kitu mkononi. Linafaa. Mwanafunzi wa uzamivu wa uchumi hutoweka miaka minne, mitano, hata saba, na akiibuka wenzake hutaka kuona ameleta nini. Mtu wa Mbeya au Iringa, ambaye maji yake ya kina ni Ziwa Nyasa kule Matema, aliazimwa neno hilo na watu wa pwani. Akaazimwa na jina la Mlimani pia, ingawa mlima ule wa Ubungo ni kichuguu ukiulinganisha na mahali alikotoka, Mbeya iliyo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari.

Ofisi ya Utafiti wa Uchumi, ERB, ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1965, wakati chuo cha huko kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Walimu wa uchumi karibu wote walikuwa wageni. Mdenmark Knud Erik Svendsen alifundisha na kumshauri Mwalimu Nyerere. Giovanni Arrighi alitoka Italia, Tamás Szentes alitoka Hungaria, na mihadhara yake Dar es Salaam ndiyo iliyozaa kitabu chake kuhusu uchumi wa kisiasa wa nchi zilizodumaa. Kila mmoja alikuja na uchumi wa kwao, na mijadala ya Mlimani ilisikika hadi mabara mengine. Lakini mtu aliyeweza kusimama mbele ya darasa lile akasema, kwa shahada ileile ya walimu hao, huko kijijini kwetu mambo yako hivi, alikuwa nadra.

Mmoja wa wa kwanza alikuwa Justinian Rweyemamu. Alipata uzamivu Harvard, akarudi, akafundisha, akaongoza, na mwaka 1973 Oxford wakachapisha kitabu chake kuhusu viwanda na kudumaa kwa uchumi wa Tanzania. Alikuwa mshauri wa Rais, alifanya kazi katika sekretarieti ya Tume ya Brandt, akafariki mwaka 1982 akiwa bado na nguvu zake. Ukitazama maisha yake mafupi utaona njia zote ambazo wachumi wa Tanzania wangezifuata baadaye: darasa, Ikulu, mashirika ya dunia. Yeye alizipita zote kabla hazijawa barabara.

Kwa kijana wa Nyanda za Juu njia ilianza na mtihani wa kidato cha sita. Aliyefanya vizuri alishuka Mlimani. Akipata daraja la kwanza, idara ilimzuia asiondoke. Ikampa kazi ya chini kabisa ya ualimu wa chuo, kisha ikamtafutia ufadhili wa nje. Huko nje alisoma miaka miwili ya darasani, nadharia na hesabu, akafanya mitihani mizito ya kumruhusu kuendelea, ndipo akaandika tasnifu. Na alipofika kwenye tasnifu, akiwa mbele ya dirisha lenye theluji, alilazimika kuuliza: niandike juu ya nini? Wengi waliandika juu ya kile walichokijua tangu utotoni, yaani bei ya mazao.

Hapo tuyarudie mahindi, kwa sababu swali la mahindi ndilo lililowakutanisha wachumi wa Tanzania, wenyeji na wageni, kwa zaidi ya miaka kumi.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 serikali ilitangaza bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lilimlipa mkulima wa Mbozi sawasawa na mkulima wa Morogoro, ijapokuwa gunia la Mbozi lilipaswa kusafiri zaidi ya kilomita 800 kufika Dar es Salaam. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilikuwa imewekwa lami, reli ya TAZARA ikafunguliwa katikati ya muongo huohuo ikipita Makambako na Mbeya, na mpango wa mahindi wa taifa ukaleta mbolea ya ruzuku na mbegu chotara. Nyanda za Juu zikaitikia. Mikoa minne, Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, ikawa ghala la taifa. Wapanga mipango waliita mikoa hiyo Minne Mikubwa.

Utaratibu huu ulikuwa na mzunguko wa ndani ambao mchumi mzuri angeufurahia kama fundi anavyofurahia saa. Wakulima wa karibu na Dar es Salaam waliweza kuuza kwa magendo kwa bei ya juu kuliko ya NMC, basi hawakuipa NMC kitu. Wa mbali hawakuwa na mnunuzi mwingine wa bei hiyo, basi waliipa NMC kila walichovuna. Kadiri shirika lilivyonunua ndivyo lilivyonunua mbali zaidi, na kadiri lilivyonunua mbali ndivyo gharama ya usafiri ilivyopanda, na tofauti yote ikaingia kwenye deni lake benki. Mkazi wa Dar es Salaam naye alipata sembe kwa bei ya ruzuku hadi bajeti ya Juni 1984 ilipoiondoa.

Je, ule ulikuwa ufujaji? Wachumi wengi wa miaka ya 1980 walijibu ndiyo, na hesabu zao zilikuwa sahihi: nchi ilikuwa inalipa nauli ya mahindi kwa fedha isiyokuwepo. Lakini upande wa pili nao ulikuwa na hesabu yake. Ile nauli ndiyo ilikuwa sera pekee ya maendeleo iliyowahi kumfikia mkulima wa Mbozi au wa Njombe moja kwa moja, mkononi, kila msimu, bila semina. Iliezeka nyumba kwa bati, ikalipa ada. Bei moja ilipoanza kulegezwa katika miaka ya 1980, na ruzuku ya mbolea ikaondolewa hatua kwa hatua mwanzoni mwa miaka ya 1990, mahindi ya mbali yalipoteza faida yake. Wakulima wengine wakageukia viazi, maharage na mazao mengine, wengine wakatazama mpaka wa Tunduma. Nadhani wachumi walikuwa sahihi kuhusu deni. Waliukosea muda. Walifunga mlango mmoja kabla mwingine haujafunguliwa, na hadi leo mzee wa Mbozi anaweza kukusimulia bei za NMC kwa hamu kama ya mtu anayesimulia ujana wake.

Miaka hiyo ya NMC uchumi wote ulikuwa ukidorora, na wachumi wenyewe pia. Mwaka 1979 Waziri wa Fedha Edwin Mtei alijiuzulu kwa mvutano juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Miaka saba ya ubishi ikafuata, hadi mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, serikali ilipotia saini makubaliano na shirika hilo na thamani ya shilingi ikashushwa kutoka 17 hivi kwa dola hadi 40. Mlimani kuligawanyika. Vijana waliorudi na uzamivu kutoka Marekani, akiwemo Benno Ndulu wa Northwestern na Ibrahim Lipumba wa Stanford, walisema waziwazi kwamba bei ya fedha za kigeni haikuwa na uhusiano na hali halisi. Wenzao waliwaona wamegeuka wasemaji wa Washington. Mshahara wa mhadhiri wakati huo haukumaliza mwezi. Walimu wa chuo kikuu walifuga kuku na ng'ombe nyuma ya nyumba za chuo, walioweza wakaenda kufundisha Botswana, Lesotho na Swaziland, na yule aliyebaki akifundisha nadharia ya mlaji alijua nadharia hiyo kwa tumbo lake.

Angalia walikokwenda watu wa kizazi kile. Lipumba alipata uzamivu mwaka 1983, akawa mshauri wa uchumi wa Rais mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1995 akagombea urais kwa tiketi ya CUF. Aligombea tena na tena katika chaguzi zilizofuata. Charles Kimei, aliyeandika tasnifu yake Uppsala juu ya historia ya fedha ya Tanzania, alifanya kazi Benki Kuu kisha akaiongoza benki ya CRDB kwa miaka 20, kuanzia 1998. Samuel Wangwe aliiongoza taasisi ya utafiti ya ESRF ilipoanzishwa mwaka 1994, mwaka uleule ilipoanzishwa REPOA. Taasisi hizi mbili za Dar es Salaam zilimpa mchumi kitu ambacho hakikuwepo kabla: mahali pa kufanya utafiti kwa mshahara unaoeleweka, nje ya chuo na nje ya serikali.

Na kutoka Mufindi, mkoani Iringa, alitoka Daudi Ballali. Huyu alisomea uchumi Chuo Kikuu cha Howard, akapata uzamivu Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Marekani, akafanya kazi miaka mingi katika Shirika la Fedha la Kimataifa huko Washington. Mwaka 1998 alirudi kuwa Gavana wa Benki Kuu. Kwa mtoto wa Mufindi, nchi ya chai na misitu ya Sao Hill, hicho kilikuwa kilele ambacho njia ya uzamivu ilikuwa haijawahi kumfikisha mtu wa kwao. Alisimamia miaka ambayo mfumuko wa bei ulishuka na benki binafsi zikashamiri. Kisha likaja suala la akaunti ya madeni ya nje, EPA. Ukaguzi ulionyesha kwamba kampuni 22 zililipwa shilingi bilioni 133 isivyo halali katika mwaka wa fedha 2005/06. Tarehe 8 Januari 2008, Ballali akiwa Marekani kwa matibabu, Rais Kikwete alitengua uteuzi wake. Alifariki huko Marekani mwezi Mei mwaka huohuo, bila kushtakiwa na bila kusikilizwa. Hadithi yake inawauma watu wa Iringa kwa namna ambayo mtu wa nje huenda asiielewe.

Aliyeshika kiti chake alikuwa Ndulu, ambaye kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi Nairobi. Huko ndiko njia ilikoanza kupinda kurudi nyumbani.

Muungano wa Utafiti wa Uchumi Afrika, AERC, ulianzishwa Nairobi mwaka 1988. Ulizaliwa na mtandao mdogo wa utafiti uliofadhiliwa na Wakanada, na ulikuwa na wazo jepesi: serikali za Afrika zilikuwa zinajadiliana na Benki ya Dunia zikiwa na wachumi wachache mno wa kwao, na wachache hao walikuwa wametawanyika, kila mmoja peke yake na vitabu vya zamani. Basi wakusanywe. Mara mbili kwa mwaka watafiti kutoka nchi mbalimbali walikutana, kila mmoja akaleta utafiti wake, na mbele ya wenzake na wataalamu walioalikwa ukachambuliwa hadi mfupa. Wapo walioondoka pale wameumia. Lakini walirudi baada ya miezi sita na kazi bora zaidi. Watanzania watatu kwa nyakati tofauti waliuongoza muungano huo kama wakurugenzi watendaji: Ndulu, Delphin Rwegasira na William Lyakurwa.

Mwaka 1993 AERC ilianza shahada ya uzamili ya pamoja, na mwaka 2002 ikaanza ya uzamivu. Mpangilio wake naupenda, kwa sababu ulitengenezwa na watu waliojua umaskini wa vyuo vyao. Hakuna idara moja iliyokuwa na walimu wa kutosha kufundisha kila somo, basi masomo ya msingi yalifundishwa katika vyuo vichache vilivyochaguliwa, Dar es Salaam, Ibadan, Witwatersrand na Yaoundé II miongoni mwao. Mitihani ilikuwa ya pamoja. Masomo ya ubobezi yalifundishwa Nairobi, ambako wanafunzi wa nchi zote walikusanyika kwa miezi kadhaa na kufundishwa na walimu walioitwa kutoka popote. Baada ya hapo kila mmoja alirudi kuandika tasnifu, na hatua zake akaziwasilisha mbele ya kikao kilekile cha wachambuzi. Mtu wa Mbeya akakaa dawati moja na Mnigeria na Mkameruni wakibishana juu ya ekonometriki usiku, na tasnifu yake ikatahiniwa kwa kipimo kilekile cha wenzake, bila kuacha bara lake.

Sambamba na hiyo ilikuwepo njia ya Sweden: Chuo Kikuu cha Gothenburg kwa ufadhili wa Sida kiliwafundisha wachumi kadhaa wa Afrika Mashariki, hasa katika uchumi wa mazingira. Na ilikuwepo njia ya zamani ya Mlimani kwenyewe, ambayo isidharauliwe. Philip Mpango alipata uzamivu wake Dar es Salaam, akafundisha hapo, akafanya kazi Benki ya Dunia, akawa Waziri wa Fedha mwaka 2015 na Makamu wa Rais mwaka 2021. Mwigulu Nchemba, aliyemrithi Wizara ya Fedha, naye ni daktari wa uchumi wa Mlimani, aliyeanzia Benki Kuu.

Lakini njia hizi zote bado zilikuwa zinateremka. Ukitoka Mbeya na uzamivu mwaka 2003, ungerudi wapi? Benki Kuu ina tawi Mbeya, Uyole kuna kituo cha utafiti wa kilimo ambacho mbegu yake ya UH 6303 inajulikana hadi vijijini, na halmashauri zina maofisa mipango. Kwa daktari wa uchumi nafasi hizo zilikuwa chache na finyu. Basi Dar es Salaam ilimchukua, na baadaye Dodoma.

Kilichobadili mambo ni vyuo. Mwaka 2005 Shule ya Sekondari Mkwawa, iliyojengwa mwishoni mwa enzi ya ukoloni kwa ajili ya watoto wa Wazungu ikiitwa St Michael's and St George's, iligeuzwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Mwaka huohuo Kanisa Katoliki lilifungua chuo Iringa ambacho leo ni Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha. Walutheri walikwishaanza, chuo chao kikaja kuitwa Chuo Kikuu cha Iringa mwaka 2013. Mbeya nako Chuo Kikuu Mzumbe kikafungua kampasi, Wamoravian wakafungua chuo kwa jina la Askofu Teofilo Kisanji, na chuo cha ufundi cha zamani kikapanda hadi kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya mwaka 2012. Ghafla mikoa miwili iliyokuwa ikisafirisha wasomi kama magunia ikahitaji wasomi.

Na kanuni za vyuo vikuu zilifanya hitaji hilo liwe la lazima. Mwenye uzamili anabaki Mhadhiri Msaidizi. Ili awe Mhadhiri lazima awe na uzamivu. Na kuanzia hapo, Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki, Profesa, ngazi hupandwa kwa machapisho. Chuo chenye wahadhiri wasaidizi wengi kina ratiba nzito na hakiwezi kumwachia mtu aende masomoni kirahisi. Akienda, wenzake hubeba vipindi vyake. Asipokwenda, chuo hakikui. Nimeona watu wazima, wenye watoto sekondari, wakianza uzamivu wakiwa na miaka 40 na zaidi, wakisahihisha mitihani ya wanafunzi 300 mchana na kupambana na modeli zao usiku. Mradi wa HEET, ambao serikali iliukopea Benki ya Dunia dola milioni 425 mwaka 2021, umewasomesha baadhi yao. Hawa ndio ninaowafikiria ninaposikia mtu akisema Watanzania hawapendi kusoma.

Wakati huohuo maswali ya Nyanda za Juu hayakuisha, yalibadilika sura. Kuanzia mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kila kiangazi. Maji yaleyale yanamwagilia mpunga Mbarali, yananyweshwa ng'ombe wa Usangu, yanapita ndani ya hifadhi, yanaingia Mtera na Kidatu kuwasha taa za Dar es Salaam. Tone moja lina thamani gani kwa kila mmoja wao? Hilo ni swali la mchumi, na tasnifu zimeandikwa juu yake. Mbolea nayo ilirudi: ruzuku ya usafiri mwaka 2003, vocha kuanzia 2008, kisha usajili wa wakulima kwa mfumo wa kidijitali mwaka 2022. Kila mfumo ulizaa utafiti wake. Na takwimu zenyewe zikabadilika. Kuanzia 2008/09 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilianza kufuatilia kaya zilezile awamu baada ya awamu, kaya 3,265 kwa kuanzia, na data hizo zikawekwa wazi. Leo mwanafunzi aliye Chicago anaweza kuandika sura tatu kuhusu mahindi ya Mbeya bila kuwahi kukanyaga soko la Mwanjelwa.

Sisemi hilo kwa kulaumu. Takwimu za wazi zimewasaidia wanafunzi wetu kuliko mtu yeyote. Kinachonisumbua ni tasnifu zinakolala. Mkulima hujibu dodoso kwa Kiswahili, na nyumbani amelizungumza na mkewe kwa Kinyiha, Kisafwa au Kihehe. Mdadisi anaandika. Miaka minne baadaye jibu lake linatoka kwa Kiingereza, ndani ya jedwali, na nakala inakaa katika sehemu ya East Africana ya maktaba ya Mlimani, kilomita 800 kutoka shambani. Wanakijiji huuliza, na wana haki: yule aliyekuja mwaka juzi na maswali kama haya, alipata nini?

Mhadhiri aliyerudi Mbeya au Iringa anakutana na swali hilo kila Jumamosi sokoni. Hawezi kulikwepa, kwa sababu anayeuliza ni shangazi yake. Na ndiye anayeiona kasoro ndani ya dodoso kabla halijachapwa. Dodoso linauliza mavuno kwa kilo. Mkulima anahesabu kwa debe na kwa gunia. Gunia la mahindi kwa mnunuzi mmoja ni debe sita, kwa mwingine ni debe saba, na la viazi linaposhonewa kilemba juu likawa lumbesa, mzani wa sheria hauna habari nalo. Ukikosea hapo, kila kitu kinachofuata, bei, faida, tija, hata ushauri kwa waziri, kimesimama juu ya kosa. Mgeni huligundua jambo hili mwezi wa tatu wa utafiti, akiwa tayari ametumia nusu ya fedha. Aliyekulia Mbozi, akikaa kwenye kigoda mbele ya mkulima na karatasi mapajani, haanzi na idadi ya kilo. Anamwamkia mzee, anauliza habari za mvua, kisha anauliza gunia lake huwa analijaza debe ngapi, na nani aliyemwambia alijaze hivyo.